Springi za Boti ya Mnyamwezi

Mjomba wangu Bartholomeo hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, na mkono wa pili ukikagua bawaba. Kanisani alisimama nyuma kabisa, na katikati ya mahubiri ungemwona akitikisa kichwa kwa masikitiko. Waliokuwa karibu walidhani anazijutia dhambi zake. Kumbe alikuwa anasikiliza lori lililokuwa linapanda barabara ya nje, na dereva amechelewa kubadili gia.

Alizaliwa Mlali, chini ya milima, katika nyumba ya wakulima wa mboga. Utoto wake aliutumia kubeba kabichi za mama yake kwenda barabarani, na huko barabarani ndiko alikopotelea. Malori ya kwenda Mgeta yalisimama Mlali kupumzisha injini kabla ya kupanda, na yeye alizoea kukaa chini ya kivuli cha lori akisikiliza chuma kikipoa. Mapadri walimfundisha useremala. Useremala aliuacha kwa sababu mbao, alisema, hazina sauti. Alipokuwa kijana aliajiriwa karakana ya kiwanda kimoja cha umma mjini Morogoro, na huko akawa fundi wa vichwa vya injini, yaani ile sehemu ya juu yenye valvu, ambayo mafundi wanaiita hedi.

Miaka ile ya uhaba hakukuwa na kuchagua. Springi ya valvu ikikatika, uliipata ya trekta lililokufa au hukuipata. Uliikata, uliipasha moto, uliichongea kikalio, uliifunga, na gari liliondoka. Mjomba alikuwa hodari wa mambo hayo, na nadhani miaka hiyo ndiyo pekee aliyowahi kuwa na utulivu kidogo. Ukiwa na springi moja tu mkononi huna cha kuwaza.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni, vitenge, redio na baiskeli. Vipuri navyo vikaja, katika maboksi ya rangi zote, kutoka Dubai, Taiwani, Bombei na mahali ambapo boksi halikusema. Kiwanda nacho kikatangazwa kuuzwa. Wafanyakazi waliambiwa wasubiri mafao yao, na waliochoka kusubiri waliruhusiwa kuchukua mashine chakavu badala yake. Mjomba alichukua mashine ya kusagia valvu na mashine ya kutobolea chuma, akajenga banda la bati Kihonda, nyuma ya nyumba yake, akawa na gereji.

Sasa matatizo yake yakaanza. Mteja alikuja na maboksi matatu ya springi za injini ileile, zote mpya, zote zinang'aa, akasema, "Fundi, wewe chagua." Mjomba alizipanga mezani, akaziangalia, akatoka nje, akarudi. Alizidondosha moja moja sakafuni asikilize mlio. Mke wake Eufrazia, ambaye alikaanga mihogo ya kuuza mbele ya nyumba, aliniambia kwamba tangu soko lifunguliwe mume wake alianza kuamka alfajiri na kuzunguka banda bila kugusa kitu.

"Zamani alikuwa analalamika hakuna vitu," alisema. "Sasa vipo, analalamika vipo."

Rehani alikuja katika mwaka wa kwanza wa gereji ile. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mzaliwa wa Tabora aliyehamia Dar es Salaam na kufanya biashara ya kila namna. Safari hii alikuwa amenunua boti ya mwendo kasi, iliyotumika Ulaya, ya kupeleka abiria Mafia. Injini yake ilikuwa ya petroli, silinda nane, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na kule Dar ilikuwa imekohoa mara mbili na kukata pumzi. Mafundi wa Dar walikuwa na foleni ndefu. Shemeji yake wa Mikese, mwenye lori, alimwambia yupo Mluguru mmoja Kihonda anayezielewa hedi kuliko anavyoielewa familia yake.

Rehani aliingia bandani na injini juu ya pikapu, na kabla hata ya kusalimia, akasema, "Nimeambiwa huku kuna Mluguru anaitwa fundi. Nimekuja kuona kama ni kweli, maana Waluguru ninaowajua mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, kwa kutembea kwenye miteremko."

Mjomba hakuinua hata kichwa. "Na wewe sauti yako ni ya Mnyamwezi. Babu yako alipita hapahapa na mzigo kichwani kwenda pwani. Wewe umeuweka kwenye pikapu, basi unajiona umeendelea."

Wakacheka mpaka Eufrazia akaja kuona kuna nini. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, na watani wakikutana hakuna tena adabu ya kawaida. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, anaweza kuja msibani kwako akamwigiza marehemu, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Tangu siku ile hawakuwahi kuitana kwa majina. Ilikuwa "Mluguru" na "Mnyamwezi", na kila jambo walilosema lilivaa nguo ya mzaha.

Mjomba aliifungua injini, akakuta ugonjwa ni springi. Nitaeleza kama alivyonieleza, nikiwa nakaa kwao wakati wa likizo. Valvu ni mlango mdogo wa chuma. Camshafti, ile fimbo yenye vinundu, inausukuma ufunguke, na springi inaurudisha ufunge. Injini ikienda taratibu, hata springi iliyochoka inaurudisha kwa wakati. Injini ikienda kasi, springi iliyochoka inachelewa. Mlango unakuwa bado wazi wakati pistoni inapanda, vinakutana, na hapo ndipo chuma kinapovunja chuma.

"Gari linapanda mlima wa Mgeta," alisema, "lakini mwisho wake lina mteremko. Injini inapumua. Boti haina mteremko. Maji ni mlima kuanzia unapoondoka mpaka unapofika. Umekanyaga mafuta mpaka chini, saa nzima, saa mbili, na injini haipumui hata mara moja. Sasa fikiria springi."

Springi zilizotoka kwenye injini zilikuwa zimechoka; hilo lilikuwa wazi. Kulikuwa na za lori, ngumu sana, ambazo zingeingia bila shida. Fundi mwenye haraka angeziweka, na injini ingenguruma vizuri sana wiki ya kwanza, kisha ugumu wake ungeanza kuila camshafti taratibu kama nondo anavyokula sweta. Na kulikuwa na springi mpya ambazo Rehani mwenyewe alikuja nazo kutoka Kariakoo, katika maboksi mekundu yenye picha ya tai.

Mjomba alizipima. Aliweka mizani ya kupimia mahindi chini ya mashine ya kutobolea, akasimamisha springi juu yake, akaishusha mashine mpaka springi ikawa na urefu uleule itakaokuwa nao ndani ya injini, akasoma uzito. Zilikuwa na nguvu sawasawa na kitabu cha injini kilivyotaka. Zote. Alipaswa kufurahi. Lakini alizidondosha sakafuni, na hakuupenda mlio wake. Aliupitisha ukucha juu ya waya wake, akahisi mistari myembamba, kama waya haukusuguliwa vizuri kiwandani. Hakuwa na hakika. Kutokuwa na hakika kulimtembeza banda zima.

Njia ya kupata hakika ilikuwepo. Springi unaibana mpaka urefu wa kazi, unaichemsha katika mafuta kwa muda mrefu, unaiacha ipoe, halafu unaipima tena. Chuma kizuri kinarudi kilivyokuwa. Kibaya kinabaki kimeinama, yaani kifupi kidogo. Alihitaji siku moja zaidi.

Rehani hakuwa na siku moja zaidi. Wakaguzi wa vyombo vya majini walikuwa wanakuja kuiona boti yake Jumamosi, na asiyekuwa tayari siku hiyo, njia ya Mafia ingepewa mwingine. Alhamisi mchana alikuja kuchukua injini yake, ambayo mjomba alikuwa ameshaifunga kwa zile springi za tai. Alitaka kulala Mikese kwa shemeji yake, ambako kulikuwa na hitima, na Ijumaa asubuhi aendelee na safari.

Nilikuwepo siku hiyo, na niliyasikia maneno yenyewe.

"Mnyamwezi," mjomba alisema, akizungukazunguka injini, "hizi springi zako ni za kalamu ya wino. Zitakuzamisha."

"Afadhali nizame. Wewe hata maji ya kuoga unayaogopa."

"Nakwambia, mlio wake siupendi. Niachie mpaka kesho jioni."

"Mluguru anataka mlio! Nikuletee ngoma, basi?" Rehani alicheka, akalisogeza turubai pembeni. "Washa, tuisikie."

Waliiwasha juu ya pikapu, ikiwa na pipa la maji pembeni la kuipooza. Ilinguruma vizuri. Mjomba alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema, "Ikifia katikati ya bahari, usiniite. Sijui kuogelea."

"Nitakuita tu. Utakuja na jembe."

Wakacheka tena, na Rehani akaondoka.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mjomba alilijua kabla pikapu haijakata kona. Alikuwa amesema ukweli, tena zaidi ya mara moja, lakini aliusema kwa lugha pekee waliyokuwa nayo wawili wale. Maneno "zitakuzamisha" yakitoka kwa fundi wa kawaida, mtu anasimama. Yakitoka kwa mtani, mtu anacheka na kuweka gia. Mjomba hakuwahi kutafuta maneno mengine. Labda kwa sababu hakuwa na hakika. Labda pia, alivyosema Eufrazia, kwa sababu utani ulikuwa mtamu.

Zilikuwa zimebaki springi chache katika yale maboksi mekundu, kwani ziliuzwa kwa idadi isiyolingana na valvu za injini. Jioni ile mjomba alizibana kwa boliti na vipande vya bati, akachukua karai la Eufrazia lenye mafuta, akaliweka jikoni juu ya mkaa, akazitumbukiza. Hakula. Alikuwa akienda jikoni, anarudi bandani, anakwenda jikoni. Nilimsikia akiongea peke yake juu ya mawimbi, mtu ambaye alikuwa ameiona bahari mara moja tu, kutoka dirishani mwa basi.

Alfajiri Eufrazia alikwenda kuwasha moto wa mihogo.

"Bartholomeo!"

"Usiguse!"

"Umenipikia vyuma kwenye mafuta ya wateja?"

"Nasema usiguse, yamekwisha poa, ngoja."

Alizitoa kwa koleo, akazifungua, akazifuta na kuzisimamisha mezani karibu na moja ambayo hakuichemsha. Hata mimi niliona. Baadhi zilikuwa zimepungua kimo, kwa unene wa ukucha tu, lakini zilipungua. Alipoziweka kwenye mizani, mshale haukufika ulipofika juzi. Nyingine zilikuwa sawa kabisa, kama hazijawahi kuguswa na moto. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kama zote zingekuwa mbovu, injini ingekataa mapema, pengine bado ikiwa bandarini. Zikiwa zimechanganyika, ingeenda vizuri, na vizuri, na vizuri, mpaka ile moja.

"Watu wangapi wanapanda kwenye boti kama ile?" aliuliza. Hakuna aliyejua.

Wakati huo Kihonda yetu haikuwa na simu, na hata kama ingekuwepo, shemeji wa Mikese hakuwa nayo. Mjomba alivaa shati juu ya ovaroli, akatumbukiza springi mbili mfukoni, iliyoinama na iliyo sawa, akatoka mbio. Barabarani alisimamisha lori la nyanya lililokuwa linakwenda Dar es Salaam. Dereva alinisimulia baadaye kwamba hajawahi kumbeba abiria aliyempa kazi kama yule. Alikuwa akikanyaga sakafu ya gari kila walipokaribia kona, kana kwamba na yeye ana pedeli.

Yaliyotokea Mikese niliyapata kwa Rehani mwenyewe, na kwa mama muuza supu aliyeona yote.

Rehani alikuwa amekaa kwenye benchi la barabarani, bakuli la supu mbele yake, chapati mkononi. Pikapu ilikuwa hatua chache pembeni, injini chini ya turubai. Alimwona mjomba akiruka kutoka kwenye lori, akainua mkono wenye chapati.

"Ala! Mluguru! Umeteremka mwenyewe au umeporomoka?"

Watu waliokuwa wanakunywa supu waligeuka kuona Mluguru atajibu nini. Mjomba hakujibu. Alipita mbele ya benchi, akaenda kwenye pikapu.

"Mama, mpe supu huyu," Rehani aliendelea, "lakini mpe isiyo na nyama. Huko kwao wanakula majani ya kabichi wakishindana na mbuzi."

Watu wakacheka. Mjomba alipanda nyuma ya pikapu, akakaa juu ya injini, mikono magotini.

"Nimeelewa. Amekuja kuwa mpagazi! Mnaona? Leo Mluguru anambebea Mnyamwezi!"

Lilikuwa pigo zuri, na jibu lake lilikuwa jepesi; hata mama wa supu alikuwa nalo mdomoni. Mjomba hakusema kitu. Alikuwa ametulia kabisa, na Rehani hajawahi kumwona ametulia. Kicheko kikaanza kupungua pale kwenye mabenchi, mtu mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya magari tu.

Rehani aliweka bakuli chini. Mtani anataniwa hata akiwa amefiwa. Mluguru asiyejibu kabisa hakuwa amemwona maishani. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye pikapu, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Kuna msiba?"

"Bado," mjomba alisema.

Halafu akasema, "Bwana Rehani." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Bwana Rehani, nakuomba urudishe injini yangu Kihonda."

"Injini yako?"

"Niliyoifunga kwa mkono wangu ni yangu mpaka nitakapokuwa na amani nayo."

Akazitoa springi mfukoni, akazisimamisha juu ya turubai, moja kando ya nyingine. Rehani alichuchumaa akazitazama kwa jicho moja, kama mtu anayetazama kama ukuta umenyooka. Aliona ule unene wa ukucha.

"Ni kidogo," alisema.

"Ni kidogo."

"Wakaguzi ni kesho, fundi." Naye alikuwa ameacha kumwita Mluguru. "Unajua unachoniomba? Wakikuta boti haina injini, njia anapewa mwingine, na mimi nabaki na boti ya kufugia kuku."

"Najua."

"Niende kwanza nikaguliwe, halafu nizibadilishe."

"Utazibadilisha?"

Rehani anasema alijijua. Angekaguliwa, angepewa njia, abiria wangekuwa wamejipanga, na angesema wiki ijayo, na wiki ijayo ingekuwa na wiki ijayo yake. Alitembea mpaka ng'ambo ya barabara, akarudi. Mama wa supu anasema alikwenda na kurudi mara nyingi mpaka supu ikaganda, na wote wawili wakaonekana kama watu waliobadilishana miili, yule mnene akizunguka na yule mwembamba ametulia.

Mwishowe aliingia nyuma ya usukani, akawasha gari, akaligeuza kuelekea Morogoro. Mjomba alibaki amekaa juu ya injini njia nzima.

Waliifungua bandani adhuhuri ileile. Injini ilikuwa imewaka muda mfupi tu, lakini mjomba alipozitoa springi moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gunia, mbili zilikuwa zimeshaanza kupungua kimo. Mbili tu. Rehani alizichukua, akakaa nazo juu ya tairi bovu, akizigeuzageuza.

"Safari ya kwanza nilikuwa nampeleka mama yangu," alisema. "Ana dada yake Mafia, hawajaonana tangu ujana wao. Nilishamwambia akae mbele kabisa, aone bahari."

Eufrazia alimletea mihogo kwenye sahani, iliyokaangwa kwa mafuta mapya.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Jumamosi wakaguzi walikuta boti tupu, na njia ya Mafia akapewa mtu mwingine. Rehani aliyeondoka ametulia siku ya Ijumaa alirudi Jumatatu akiwa amekasirika, akasimama mlangoni na kumwambia mjomba kwamba amemharibia msimu kwa sababu ya springi mbili. "Mbili!" alisema. "Na pengine zingevumilia!"

Hilohilo lilikuwa linamla mjomba. Boti ambayo haikwenda haikuzama, na haikuthibitisha chochote. Wiki zile ilikuwa vigumu kukaa naye. Alizichemsha zile springi tena na tena, akitumaini, nadhani, kwamba zitainama zaidi na kumpa haki. Mara zilipungua, mara zilibaki vilevile. Mafundi wenzake wa Kihonda walianza kumcheka kwamba anakaanga vyuma. Mteja mmoja alichukua hedi yake akaipeleka kwingine.

"Kama ningemwacha aende," alimwambia Eufrazia siku moja, "na zingevumilia, angekuwa ananiita bingwa."

"Na kama hazingevumilia?"

"Nisingejua pia. Wangesema ni mawimbi."

Springi zilizofaa zilipatikana kwa shida. Rehani, akiwa bado amekasirika, alimtafuta wakala Dar es Salaam aliyeziagiza kwa watengenezaji wenyewe wa injini, na zilichukua miezi kufika. Zilikuwa na rangi ya kijivu isiyovutia, hazing'ai hata kidogo. Mjomba alizipima, akazichemsha, akazipima. Alizipanga mezani na kuzitazama kwa namna ambayo watu wengine wanatazama chakula. Hata hivyo alizirudisha kwenye mafuta mara ya pili.

Njia ya Mafia ilikuwa imeachwa na yule aliyepewa. Sababu yake siijui na sitaizua. Rehani aliomba tena, akapewa, na akamtumia mjomba salamu kwa dereva wa lori: aje mwenyewe pwani aone boti ikijaribiwa, maana hakuna Mnyamwezi atakayepanda kabla Mluguru hajasikia mlio.

Tulikwenda wote watatu, mjomba, Eufrazia na mimi. Ilikuwa asubuhi, maji yametulia, jua limeshaanza kuchoma. Mama yake Rehani alikuwa amekaa juu ya sanduku ufukweni, bibi mdogo aliyejifunika kanga mbili, kikapu pembeni, kuku wawili wamefungwa miguu ndani yake.

"Shikamoo, mama," mjomba alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Mluguru uliyenichelewesha?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilidhani utakuwa mkubwa."

Boti iliondoka na Rehani na nahodha wake. Iliinua pua, ikakata maji, ikaenda mpaka ikawa nukta, na mjomba alitembea ufukweni akiifuata sauti yake, viatu mkononi, mpaka maji yakamfika magotini bila yeye kujua. Iliporudi, Rehani alisimama nyuma ya kioo akipunga mikono yote miwili. Mjomba alichora duara hewani kwa kidole. Zunguka tena.

Boti ikazunguka. Iliporudi, akachora duara tena.

"Mluguru, petroli inaisha!" Rehani alipiga kelele.

"Zunguka! Mafuta mpaka chini!"

"Huyu mtu," alisema bibi juu ya sanduku, "anataka nifie hapa mchangani ili asione aibu ya kunizamisha."

Eufrazia alicheka mpaka akashika kiuno. Mjomba hakucheka, wala hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imeinama upande mmoja, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mara ya tatu boti ilikwenda mbali zaidi, ikakaa huko muda mrefu, na sauti yake ilitufikia nyembamba, haipandi, haishuki. Kisha ikarudi, ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye maji ya kina kifupi na kunyamaza.

Rehani alisubiri. Nahodha alisubiri. Kidole cha mjomba kiliinuka kidogo, nikajua atasema tena.

Akakishusha. Akatoka majini, akaenda mpaka kwenye sanduku, akachukua kikapu cha bibi pamoja na kuku wake, akakiweka kichwani, akarudi nacho ndani ya maji kuelekea kwenye boti.